Nta Katika Tundu la Tepurekoda ya Baba

Sauti ya marehemu huvuja. Hivyo ndivyo tulivyoambiana watoto wote wa Litembo: mashine iliyoirekodi ikiachwa na tundu la umeme wazi, sauti hutoka kidogo kidogo na kumfuata mwenyewe kaburini. Nililiamini hilo kuliko katekisimu. Baba, mwalimu wa kwaya, alipofariki alituachia tepurekoda ya mikanda ya magurudumu, nzito kama ng'ombe mwenye mimba, na waya wake wa umeme ulikuwa umeshapotea. Basi nikaokota vipande vya mishumaa kanisani, nikaviyeyusha, nikaziba lile tundu hadi likang'aa kama kipara cha katekista.

Ilikuwa miaka ile bidhaa zilipoanza kumiminika madukani Mbinga. Baba mkubwa akampata mchuuzi wa kubadilishana naye: achukue lile dude, atupe redio mpya ya kaseti. "Shemeji, hilo ni jumba la mende," alimwambia Mama. "Linakula nafasi, haliimbi." Mama aliendelea kuchambua kahawa. "Nipeni hadi misa ya mwaka wa kifo chake," akasema. "Nimsikie mara moja tu. Baada ya hapo hata mende wachukueni."

Baba mkubwa akaibeba huku akinung'unika, tukaenda wote kwa fundi Kasiani, Mbinga, ambaye kibanda chake kilinuka nyaya zilizoungua. Fundi aliinama nyuma ya mashine, akalichungulia tundu. "Mama, humu mna mshumaa. Nani kauweka?" Mficha uchi hazai, nikakiri. Hakucheka. Aliichokonoa nta kwa bisibisi ndogo, ikatoka nzima, imeshika umbo la tundu pamoja na alama za pini tatu zilizokaa upande upande. Akaizungusha duka hadi duka kama aliyebeba masalia ya mtakatifu. Hakuna waya uliolingana nayo. Mwishowe akaifungua mashine, akasoma kibao cha volti, akaling'oa tundu lile geni na kufunga la kawaida, ambalo waya wake unauzwa kila mahali.

Akachomeka. Magurudumu, yakiwa bado na mkanda wa Baba, yakazunguka. Baba akakohoa, akasema, "Besi, msikimbie." Mama alicheka, kisha akafunika uso. Baba mkubwa, aliyekuwa akiimba besi, akatazama chini. "Alikuwa ananionea tu," akasema. Baadaye akaongeza, "Mchuuzi yule nitamwambia mwenyewe."

Leo simu yangu imebeba kwaya nzima na mfuko hauhisi, lakini nikikuta tundu la umeme tupu kidole bado kinaniwasha kuliziba. Siku ile, tukiondoka, nilimwomba fundi nta yangu nikazibe tundu jipya. Akafuta mikono.

"Mwanangu, sauti ya baba yako iko kwenye mkanda. Hapa unapita umeme tu."