Shaka la Balozi Fransis

Mzee Fransis, mchonga vinyago wa Temeke, mwaka ule wa sabini na nne alikuwa balozi wa nyumba kumi, na ubalozi ulimpanda kichwani, jamani! Ukimuuliza njia, anakuelekeza hata asikokujua. Balozi, alikuwa akisema, hasemi sijui.

Basi magunia mawili ya sukari yakaibwa alfajiri kwenye duka la ushirika la mtaani, na polisi wakamuuliza alimwona nani. Akajibu palepale, "Gregori." Alichokiona hasa ni mgongo na shati la buluu, kama lile la jirani yake Gregori. Lakini jirani wote wamemzunguka, wanamtazama mdomoni, angesemaje? Gregori akawekwa rumande, mkewe mjamzito akabaki peke yake.

Jumamosi kabla ya kesi, Adelina, bintiye Mzee Fransis, aliigiza wakili katika mchezo wa Kiingereza shuleni kwao. Mzee alikaa mbele, haelewi kitu, anapiga makofi tu. Mara Adelina akainua mkono, akasema, "Benefit of the doubt!" Mshitakiwa akafunguliwa pingu.

"Ulisema dawa gani pale, mwanangu?" alimuuliza njiani.

"Faida ya shaka, baba."

"Shaka nalo lina faida? Wazungu hawa wana mambo!"

"Shahidi hakuuona uso wa mtu. Hakimu akibaki na shaka, shaka lile ni mali ya mshitakiwa. Anaachiwa, anakwenda zake nyumbani."

Mzee akaongeza mwendo. Shaka analo yeye tangu alfajiri ile, amelikalia, na mwenye mali yuko ndani! Siku mbili kazi haikwenda. Patasi ikamkata kidole, mkewe akimsemesha anashtuka.

Jumatatu, watu wake wa nyumba kumi walijaa mahakamani kumsikiliza balozi wao. Hakimu akauliza, "Shahidi, uliuona uso wake?"

Akisema tu "ndiyo", anarudi mtaani na heshima yake. Akamtazama Gregori kizimbani, amekonda mpaka shati la buluu linampwaya.

"Mheshimiwa, niliona mgongo," akasema. "Wa nani, sijui."

Watu wakaguna. Mmoja nyuma akacheka waziwazi, "Loo! Balozi gani huyu?"

Mzee Fransis akageuka, jasho linamtiririka, akawatazama wote.

"Sijui," akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, asije mtu akasema hakusikia.