Mkono Ambao Sikuuandika Kwenye Orodha

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne walikwenda Arusha kutafuta maisha. Mimi nilirudi Katesh nikayasubiri mlangoni. Yakaja kwa njia ya mkate. Miaka ile mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yamemeza tambarare yote, na msimu wa mavuno watu wa kulishwa walikuwa wengi. Mke wangu alijua kuoka. Mimi nilijua kukaa karibu na moto. Tukajenga tanuri la udongo nyuma ya nyumba, tukaanza.

Kila alasiri lori la shamba lilipita kuchukua mikate ya kambi ya wavunaji. Ngano yenyewe ilipita mbele yetu ikiwa kwenye magunia, ikaenda mbali kusagwa, ikaturudia ikiwa unga. Ilikuwa imetembea kuliko mimi.

Elimu ya sekondari lazima itumike mahali. Mimi niliitumia kuogopa. Niliketi na daftari nikaorodhesha kila janga linaloweza kuikuta biashara yetu: moto, wezi, panya, mvua, unga kuchelewa. Kila janga nikaliandikia dawa yake. Magunia mawili ya akiba, kufuli mbili, paka mmoja. Dawa ya moto nilikuwa nimeiona kwenye karakana ya shamba: ndoo nyekundu za mchanga zimetundikwa ukutani, zimeandikwa MOTO. Nikatafuta rangi, nikatundika zangu tatu mbele ya nyumba, nikarudi nyuma hatua kumi kuzitazama.

Wiki haikwisha akaja bibi jirani, mwanafunzi hodari wa darasa la watu wazima, ameshika kigae.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimesoma mwenyewe, sikusomewa na mtu. Mo-to. Haya, nigawie kaa moja, wangu umezimika."

Nikamweleza kwamba mle ndani mna mchanga. Akachungulia, akanitazama kwa huruma.

"Sasa si ungeandika mchanga, mjukuu wangu? Mwalimu anahangaika kutufundisha, nyie mliosoma mnatuharibia."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Kaa nilimpa, la kutoka kwenye tanuri.

Janga lilipokuja halikulisoma daftari langu. Asubuhi moja ya baridi, katikati ya mavuno, mke wangu alikuwa anampeleka ndama malishoni, kamba ameizungusha mkononi. Ndama akashtuka, akatimua mbio. Jioni mke wangu alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umevunjika, umefungwa hogo la plasta mpaka kwenye kiwiko, gumu kama ukuta.

Siku hiyo lori lilikuwa limeondoka tupu. Dereva alinipa pole, kisha akasema, "Leo nitawaambia mmepatwa. Ila kesho mkikosa tena, mpishi wa kambi anaagiza Babati. Na akishaagiza huko, msimu huu msimtegemee."

Msimu ule ndio uliotulisha mwaka mzima. Nikafungua daftari. Panya walikuwemo. Mke wangu hakuwemo.

Kesho yake asubuhi nikakunja mikono ya shati. Yeye akakaa kwenye kigoda.

"Maji kiasi gani?"

"Mpaka unga wenyewe useme basi."

"Unga hausemi, mama."

"Kwangu unasema. Kwako umenuna."

Nikamuuliza donge linaumuka kwa muda gani. Alikuwa anasinzia kwa dawa za maumivu, akasema saa moja. Nikaikodolea macho saa yangu. Dakika ya sitini ilipogonga nikatia tanurini, wala sikujali kwamba upepo wa mlimani ulikuwa unakata masikio na donge lilikuwa bado limelala. Ilitoka mikate ambayo ungeweza kujengea. Mke wangu alichukua mmoja kwa mkono mzima, akaugonga mezani, ko ko ko.

"Hodi," akasema.

Nikacheka. Ndipo nikaona yeye hacheki.

"Kila siku unaniuliza kama mlango umefungwa," akasema. "Hujawahi kuniuliza mkate unaokwaje."

Mtu wa nyumbani huogopa kinachotoka nje. Kile ninachokiegemea ndani kila siku sikuwahi kukifikiria kwamba nacho huvunjika.

Tulikuwa na muda wa kuoka mara moja tu kabla ya lori. Safari hii nilimsikiliza. Donge liwe laini kama sikio hapa chini, alisema, basi nikashika ncha ya sikio lake kwa mkono mmoja na donge kwa mwingine, nikilinganisha. "Bado," akasema. "Bado. Hilo ni sikio la ng'ombe." Tukalilaza donge kitandani kwetu, chini ya blanketi, akaninyang'anya saa. Tanuri lilipopata moto alinifundisha kutupa chembe za unga sakafuni mwake: zikiwa nyeusi ungoje, zikiwa za kahawia utie.

Dereva alifika, akabonyeza mkate mmoja, akaunusa, akamgeukia mke wangu.

"Shemeji, umeoka wewe?"

"Nimeoka kwa masikio tu."

"Imepinda kama barabara ya Mbulu," akasema, akaanza kupakia.

Hogo lilipokatwa, mavuno yalikuwa yamekwisha na mpishi alikuwa bado wetu. Nilitaka kuandika jambo kwenye daftari, mke wangu akanizuia. Yeye alitoa amri: kila Jumanne mkono wake umevunjika. Atakaa, haruhusiwi kugusa unga, mimi nioke. Yeye atachochea moto na kuongea na dereva, kazi ambazo ziligundulika kuwa nyepesi sana.

Msimu uliofuata dereva akazoea. Hata kabla hajabonyeza mkate aliuliza, "Leo umevunjika?"

"Umevunjika," mke wangu akamjibu, akimpungia mkono huo huo. Na dereva akapakia.