Unga wa Majani na Moto wa Dripu

Nilisikia kinu kabla sijafumbua macho. Tu, tu, tu, nyuma ya nyumba yetu Kirumba. Shangazi Kabula alikuwa amefika kutoka Magu na kiroba cha majani makavu, nami nimelala chali, titi la kushoto zito kama jiwe la ziwani.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kucheka. Niliuza vitenge Mabatini, nakata kitambaa huku nikitaniana na wateja. Siku moja naoga, vidole vikakuta uvimbe mgumu usiouma. Nikadhani kisichouma hakiui. Ngozi ikaja kukunjamana kama ganda la chungwa, chuchu ikazama ndani. Hospitali walichukua kinyama kwa sindano. Daktari, dada kijana mwenye sauti ya upole, akasema, "Ni saratani, Minza." Masikio yakavuma. Niliona midomo yake ikiendelea kusogea, sikusikia kitu.

Dripu za dawa ya saratani zikaanza. Nywele zilibaki kwenye mto. Mdomo ulijaa vidonda, hata maji yakawa na makali.

Kwetu mgeni hupokelewa njiani, na kwa Shangazi hata dawa ni mgeni. "Kunywa kwanza ya nyumbani, ya hospitali ikute mwenyeji," alisema akikoroga unga wa majani kwenye uji. Nikikunja uso, ananicheka: "Uchungu huu haufikii wa yule mume wako. Mbona yeye ulimmeza?"

Nilikunywa kila asubuhi ya dripu. Binamu yangu alinitumia ujumbe kwamba viini vya mmea ule vimeua chembe za saratani ya titi maabarani. Nikajiona nina majeshi mawili.

Kisha macho yakawa ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Daktari akasoma vipimo, akaiweka dripu kando.

"Leo sikupi. Ini lako limeumia. Unatumia kitu kingine?"

Nikamweleza uji wetu, tena kwa fahari. Akavuta kiti karibu.

"Minza, dawa hii inawasha moto ndani ya chembe ya saratani. Chembe nayo ina vimeng'enya vyake, walinzi wa kuuzima. Kuna viini vya mimea vinavyowadhoofisha walinzi hao, chembe ikafa. Vingine huwapa nguvu. Maabara wanajua wameweka nini na kiasi gani. Uji wako mimi siujui. Huenda umekuwa ukimlinda adui."

Nikakaa sakafuni. Kumlinda! Kijiko kwa kijiko, nikimeza na kushukuru.

Shangazi, aliyekuwa amenisindikiza, akamuuliza daktari kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nilikuwa naponya au naua?"

"Sijui, mama. Ndiyo maana tunauacha."

Tukauacha. Ini likapona polepole, dripu zikarudi, titi likaondolewa. Bandeji ilipofunguliwa nilipiga kelele. Kisha nikaligusa kovu, likawa langu.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na Shangazi pia, aliyenipenda kwa alichokijua. Dada zangu, jipapaseni. Uvimbe usiouma usikudanganye. Na kila unachokunywa, hata jani la uani, mwambie daktari kabla ya sindano.

Hata sasa sijui unga ule ulikuwa upande wa nani. Kliniki iliyopita daktari alinipapasa, akatazama picha, akasema haoni dalili ya saratani. Nikabaki nimekaa, nikingoja aongeze neno.

"Nenda nyumbani, Minza," akasema akitabasamu. "Wagonjwa wenzako wanasubiri zamu."

Nikatoka. Mlango ukafungwa nyuma yangu.