Jiwe la Tatu la Kaburi la Tano

Ibra ina wapimaji ardhi wengi, lakini nisemeje, wapimaji kama mimi hawazidi wawili, na huyo wa pili simjui. Nilirudi Oman kutoka Unguja na begi moja. Nilianza kwa kuosha vyuma katika gereji ya Firq, pale nje ya Nizwa, na jioni nikisoma, mpaka nikapata diploma ya upimaji. Nimeitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akikaa tu ataiona. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kwa hiyo shangazi yangu aliponiomba nimthibitishie babu yake kalala wapi, niliona kazi ya asubuhi moja.

Nje ya lango la Ibra ya zamani kuna makaburi saba, yamejipanga mstari mmoja. Hayana maandishi, kwa sababu watu wa huku hawaandiki juu ya kaburi. Wanasimamisha mawe tu, basi. Baba yake shangazi aliwahi kufika hapa akiwa kijana. Aliporudi Unguja akawaambia wanawe: tokeni langoni, hesabuni hatua ishirini na mbili, hapo ndipo alipolala babu yenu. Hatua hizo zinaangukia kaburi la tano. Tangu shangazi ahamie Ibra, kila Ijumaa asubuhi nampeleka pale. Magoti hayamruhusu kushuka, basi nateremsha kioo cha gari naye anamsomea babu yake Fatiha.

Mwenye shamba la mitende lililo jirani na lango hakubali hata kidogo. Yeye alizaliwa hapahapa, akafanya biashara Tabora miaka mingi, akarudi na Kiswahili cha bara.

"Bibi, unamsomea nani?" humwambia shangazi. "Hawa ni ndugu saba. Waliuawa siku moja wakilinda lango. Nyinyi watu wa Unguja mkiona kitu kizuri tu, chenu."

"Na wewe uliyekuwa Tabora unauza karanga, habari za lango umezipata wapi?"

Huo ndio mchezo wao, na mimi nikiufurahia. Ila mwaka huu shangazi alipangiwa upasuaji wa moyo Maskati, na mzaha ukamtoka. Alinambia, "Mwanangu, nisije nikaondoka, kumbe miaka yote nimemsomea mtu mwengine."

Alhamisi nilikwenda peke yangu na vyombo vyangu. Nilitembea hatua ishirini na mbili, nikaangukia la tano sawasawa. Nikapima mstari wote, nikapiga picha kila kaburi kabla ya kugusa kitu, maana mimi si mtu wa kubahatisha. Kisha nikang'oa miiba na kufagia mchanga. Katikati ya kaburi la tano, baina ya jiwe la kichwani na la miguuni, nikaona jiwe jengine limezama nusu; nikalipiga picha nalo. Kwetu Unguja kaburi lina mashahidi wawili, wa kichwani na wa miguuni. Nikasema hili limeanguka kutoka ukuta wa lango. Nikaling'oa, nikaliweka ukutani, nikaliona kaburi la babu limekaa vizuri, mawe mawili, safi kabisa. Nilirudi nyumbani nikijisifu njia nzima.

Ijumaa nilimleta shangazi kama kawaida. Mwenye shamba akaja kutuamkia, akayatazama makaburi yaliyofagiliwa, kisha akaliona lile jiwe ukutani. Akanivuta kando.

"Hili umelitoa wapi?"

"La tano. Lilikuwa katikati."

"Katikati? Limesimama?"

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaikuza kwa vidole viwili.

"Wewe na diploma yako," akasema polepole. "Mwanamume mawe mawili. Mwanamke matatu. Umemgeuza mama wa watu kuwa babu yako."

Masikio yaliniwaka moto. Miaka yote niliyoishi Oman nimezika watu, nimebeba jeneza, lakini kuhesabu mawe sikuwahi. Halafu nikaona na yeye uso wake umebadilika.

"Na ndugu zako saba?" nikamuuliza.

"Miiba ilikuwa imejaa. Nani angehesabu?" Akatazama huku na huku. "Sikiliza. Jiwe liache hapohapo ukutani. Bibi apate babu yake, mimi nipate ndugu zangu. Picha ifute."

Sitasema sikufikiria. Kidole changu kilikuwa juu ya simu. Shangazi alikuwa na siku nne tu kabla ya kwenda hospitali, na kweli hii ingemnyang'anya kile alichokuwa akikishika. Lakini aliniomba mimi kwa sababu mimi ndiye ninayepima.

"Mnanong'ona nini nyinyi?" shangazi akaita kutoka garini.

Nikaenda dirishani, nikamwambia yote, na picha nikampa. Aliitazama muda mrefu. Nilingoja alie. Badala yake akauliza, "Hizo hatua ishirini na mbili ulizihesabu kwa miguu ya nani?"

"Yangu, shangazi."

"Baba yangu alikuwa hapiti mlango mpaka ainame. Wewe umechukua kimo cha mama yako. Hatua zake zitakuwaje sawa na zako?"

Mimi, mwenye vyombo vya kupimia nyuzi na milimita, hilo halikunipitia akilini.

Nilirudisha jiwe mahali pake kwa kufuata picha, likakaa katika shimo lake lilelile. Mwenye shamba alinisaidia kushindilia udongo. Kisha shangazi akasema, "Kwanza huyu bibi. Sijui ni wa nani, lakini ameshanizoea." Akamsomea. Halafu akanipungia mkono: "Sogeza gari mbele kidogo."

Kaburi la sita lina mawe mawili. Nilishuka nikayahesabu, na safari hii nikahesabu mara mbili.

"Huyo ni ndugu mkubwa!" mwenye shamba akapaaza sauti.

"Ndugu mkubwa wa nani, na dada yao umemkataa?" shangazi akamjibu, na alikuwa anacheka.

Alirudi salama kutoka Maskati. Siku hizi Ijumaa nasimamisha gari mara mbili, na mwenye shamba ananidai nimpimie tena mstari wote kutoka upande wa pili wa lango, labda babu akaangukie mbali na ndugu zake.