Shemeji Alimpuliza Mzee Sikioni kwa Upepo wa Kusafishia Magari, na Mimi Nilijua

Admin, ficha jina langu hata herufi ya kwanza, maana Kasulu ni ndogo na shemeji yangu yumo humu humu, ndiye yule anayekomenti ndoa za watu kuanzia asubuhi. Akisoma hii atajijua. Ajijue.

Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, kwetu ni Mabamba huko Kibondo. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, naishi Kasulu mjini kwa dada yangu na mume wake. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo Kiingereza nakisoma vizuri tu. Shida yangu ni kuongea, hata hicho Kiswahili. Watu wakizidi watatu, sauti inaishia kooni. Hapa naandika kwa sababu hamnioni.

Shemeji ana sehemu ya kuoshea magari, na kazi yangu mimi ni ndani ya gari: viti, mazulia, dashibodi. Ni mwanaume mwenye sauti kubwa kuliko kitu chochote anachokijua. Miezi michache iliyopita alinunua kompresa, ile mashine ya upepo, na bunduki yake ya kupuliza vumbi kwenye matundu ya dashibodi na chini ya viti. Tangu siku hiyo hatupumui. Akajiita Dokta wa Ndani ya Gari, akaandikisha na kibao. Dokta gani anafunga milango yote ndipo anapuliza? Vumbi letu hili jekundu linaruka, linazunguka, linarudi kukaa. Mteja analipia vumbi lake lihamishwe kutoka kiti cha mbele kwenda cha nyuma, na anaondoka ameshukuru.

Niliwahi kumwambia, taratibu, kwamba kwanza inapita brashi, milango iwe wazi, upepo uwe mdogo, kitambaa kifuate. Alicheka mbele ya wateja. "Mmemsikia mzungu wa Mabamba? Kumbe hata vumbi limesoma English medium!" Wakacheka wote. Mimi nikaangalia kandambili zangu.

Sasa dhambi yangu ni hii. Karatasi ya maelezo ya ile mashine ilikuwa ya Kiingereza kitupu, imekaa tu kwenye boksi. Siku chache baada ya kunicheka akanirushia: "Haya msomi, soma. Wanasemaje?" Walisema umwage maji ya kwenye tangi kila jioni, nikamwambia. Walisema usizidishe presha, nikamwambia. Halafu palikuwa na mistari miwili na kichoro cha mtu anayepulizwa, kimekatwa kwa alama ya X, ambacho yeye alikiona akadhani ni nembo ya kampuni. Iliandikwa: usimwelekezee mtu upepo huu, hasa machoni na masikioni, utamjeruhi vibaya.

Hiyo mistari niliiruka. Sikusahau jamani, niliiruka. Kila jioni nilikuwa namwona anavyojipuliza vumbi kwenye nguo mpaka kwenye nywele, anajiona staa, nikasema moyoni, na likupate.

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo tu, shemeji."

Halikumpata yeye. Tunafanya kazi na mzee mmoja anayefuta vioo, nimwite Mzee Melkiadi ingawa si jina lake. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, muda wote ni Kiha. Ananiita mwana wanje, yaani mwanangu, na pale kazini ni yeye peke yake anayesubiri nimalize sentensi.

Jioni kabla ya kwenda nyumbani wanapulizana vumbi, imekuwa mchezo. Jumamosi iliyopita shemeji alimwita mzee mara mbili, mzee hakusikia kwa kelele za mashine. Akamjia kwa nyuma. "Mzee, masikio yamejaa vumbi la tangu uhuru, ngoja Dokta akuzibue!" Akaweka ile bunduki sikioni, akabonyeza. Mzee alikaa chini kama mtu aliyekatwa magoti. Watu wanacheka. Akashika sikio, mkono ukarudi na damu. Wakanyamaza mmoja mmoja, na wa mwisho kunyamaza alikuwa shemeji.

Zahanati shemeji alijitia kumsemea mzee: "Kaingiwa na mdudu." Wakatoa dawa ya matone. Sasa sikio linatoa maji, kichwa kinamzunguka, upande ule hasikii hata ukigonga sufuria. Na mzee mwenyewe anaamini habari ya mdudu! Shemeji amemwambia mdudu alikuwemo siku nyingi, upepo ulimtibua tu. "Upepo unaumizaje mtu?" mzee ananiuliza mimi.

Amepewa rufaa, Alhamisi anaenda hospitali. Jana alikuja nyumbani kuniomba niende naye, maana madaktari wanaongea haraka na yeye hasikii vizuri. "Nenda unisemee," akasema kwa Kiha. "Wewe hujui uongo."

Alipotoka tu, shemeji akanigeukia. "Kule ni mdudu. Ukitaja upepo, fungasha urudi Mabamba, na mahitaji ya kidato cha tano ukawaombe Waingereza wako." Dada yangu alikuwa anachambua maharage palepale. Hakuinua hata kichwa. "Mdogo wangu, usinibomolee nyumba." Nyumba yenyewe hiyo!

Namdharau shemeji, sifichi. Lakini jana nilimtazama anavyojipuliza nywele nikagundua kitu kimoja: yeye hakujua. Kati yetu wawili aliyejua ni mimi.

Msiniandikie pole mdogo wangu, wala mwachie Mungu, hizo nimezisoma sana humu. Alhamisi daktari atauliza mzee alipatwa na nini, na mzee atakuwa ananitazama mdomo. Nishaurini: nianze na alichofanya shemeji, au nianze na mimi?