Waya wa Dirishani

Mwaka wa tisini na tisa, mjini Homa Bay, Dolphine alikuwa na laptop nzima na ujeuri wa kutosha, lakini hakuwa na mlango hata mmoja wa kuingia. Alikuwa mjane. Mumewe, Japheth, alizikwa wakati wa mvua za Aprili, na kwa mila ya Waluo mjane ambaye bado ana chola, yaani msiba ambao haujaondolewa, haingii katika nyumba ya mtu. Msiba huo huondolewa na shemeji atakayemrithi. Dolphine alisema waziwazi kwamba yeye si jembe wala ng'ombe, hatarithiwa na mtu. Basi mji ukamwekea kigoda nje. Hata akina mama walioimba naye kwaya moja siku ya Sabato, akienda kwao Jumapili kuomba chumvi, walimpa kupitia dirishani, tena kwa tabasamu.

Japheth alikuwa mtumishi wa mradi mmoja wa utafiti wa samaki uliokuwa na ofisi Kisumu. Kila wiki alipima samaki walioletwa ufuoni, mbuta, ngege na omena, akaingiza takwimu kwenye laptop ya mradi na kuzituma kwa njia ya simu. Lakini tuseme ukweli: walipima wawili. Dolphine ndiye aliyeshika mizani, ndiye aliyebishana na wavuvi waliotaka kuficha samaki wachanga, na jioni ndiye aliyechapa takwimu huku Japheth anaoga. Jina lililoandikwa Kisumu lilikuwa moja, na mikono iliyofanya kazi ilikuwa minne.

Japheth naye alikuwa mtu wa kubishana na vitu. Windows ilipomchosha kwa kukwamakwama, aliifuta, akaweka Linux kutoka kwenye sidii aliyopewa na rafiki, akaandika humo programu yake ndogo ya kukokotoa uzito wa samaki. Kutuma alitumia modemu ya nje, kijisanduku chenye taa nyekundu kilichounganisha laptop na laini ya simu. Kijisanduku hicho kilikwenda na matanga. Siku ya kugawa vitu vya marehemu, huyu alichukua koti, yule akachukua viatu, na mjomba mmoja kutoka Ndhiwa akachukua modemu akidhani ni redio. Alipofika kwake aliiunganisha moja kwa moja na betri ya trekta ili asikilize taarifa ya habari. Alichopata ni moshi.

Ikabaki modemu ya ndani, ile iliyotoka kiwandani ikiwa ndani ya laptop. Japheth hakuwahi kuitumia. Aliiita nusu modemu, na hakukosea. Walioitengeneza walibana matumizi wakaiacha bila akili, wakitegemea Windows iifikirie. Chini ya Linux ilikuwa kama mtu aliyezimia: yupo, amelala pale, na ukimwita haitiki.

Mwezi wa Oktoba, Bwana Onyancha wa mradi alikuja kutoka Kisumu. Alikuwa mtu mstaarabu, alikaa, akanywa chai yote, kisha akasema lililomleta. Takwimu za ziwa lote zilikuwa zinaunganishwa kila Ijumaa na za Homa Bay hazikuwemo tangu msiba. Dolphine alikuwa ameendelea kupima na kuingiza takwimu kwenye laptop, lakini za karatasi hawakuzitaka tena. Kama Dolphine angeweza kutuma kwa barua pepe kabla mwezi haujaisha, kazi ilikuwa yake, kwa jina lake mwenyewe. Kama hangeweza, mashine irudi Kisumu iwekwe Windows, ile modemu ya ndani ifanye kazi, halafu ikabidhiwe mtu anayeweza. Hakutaja jina, lakini jina lilikuwa limeshafika ofisini kabla ya safari hiyo. Shemeji Austine, ndugu wa Japheth, mwalimu wa sekondari mwenye suti mbili na sauti ya kutosha kanisa zima, alikuwa amekwenda mwenyewe kujitolea. Aliitaka kazi ya ndugu yake na alimtaka mke wa ndugu yake, na aliona hayo ni mambo mamoja.

Onyancha alimshauri kwa moyo mwema: aitoe mashine sasa hivi, iwekwe Windows, atarudishiwa baada ya siku chache. Dolphine alimtazama akaona kwamba mwanaume huyu anaamini anachosema, na kwamba haijui Kisumu yake mwenyewe.

"Ikitoka kwangu hairudi," alimwambia. "Itaamka hapa hapa."

Kukaza shingo ni rahisi, kuamsha modemu ni kitu kingine. Dolphine alianza na nyaraka zilizokuwa kwenye ile sidii, Kiingereza kigumu cha watu wasiojua kwamba msomaji wao ana sufuria jikoni. Nyingi zilisema jambo moja: modemu ya namna hii, itupe, nunua nyingine. Alizisoma kwa hasira, na hasira ilimsaidia asisinzie. Mwishowe akapata fununu kwamba mwaka huo huo kuna programu imetolewa ya kuendesha modemu ya aina yake chini ya Linux. Akampelekea habari Liz, rafiki yake wa utotoni kutoka Karungu kule Migori, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la kompyuta Kisumu. Liz aliitafuta kwenye mtandao, akaitia kwenye disketi na kuituma ikiwa imefungwa ndani ya leso.

Disketi ilifika salama, na Linux ikaikataa. Programu ilikuwa imetengenezwa kwa toleo la nyuma kidogo la Linux, nayo mashine haikutaka kitu kisichofanana nayo. Nyaraka zilisema kuna njia ya kuilazimisha, zikaonya kwamba ni kwa hatari yako mwenyewe. Dolphine alicheka peke yake aliposoma hapo. Ni lini mara ya mwisho alipofanya jambo kwa hatari ya mtu mwingine? Akailazimisha. Laptop ikaganda, skrini ikatulia tuli, na kwa muda aliokaa akiitazama aliogopa kwamba amemuua Japheth mara ya pili.

Aliizima, akaiwasha, na ikarudi na takwimu zake zote. Akalazimisha tena, ikaganda tena. Yeye naye hakuacha. Baadaye akagundua kuwa modemu na kifaa cha sauti vinagombea nafasi moja ndani ya mashine, kama wake wenza na jiko moja. Akaondoa sauti. Muziki wa nini kwenye nyumba ya msiba? Mara hii programu iliingia bila kelele. Akachapa herufi mbili za kuiita modemu, A na T, na chini yake pakatokea herufi mbili nyingine: OK. Nusu modemu ilikuwa imeitika. Dolphine aliweka kichwa juu ya meza akalia kwa furaha na kwa uchungu pamoja, kwa maana mtu aliyetaka kumwonyesha alikuwa chini ya udongo.

Sasa ikabaki laini ya simu. Simu za mji zilikuwa ndani ya nyumba na maduka ya watu, na nyumba na maduka ya watu ndiko asikoweza kuingia. Ile ya kibanda cha posta haikuwa na pa kuchomeka waya. Wote aliowaendea walimhurumia sana, wakiwa wamesimama katikati ya mlango.

Aliyebaki ni Mwikwabe, Mkuria wa Kehancha aliyekuwa na duka la nyavu na kamba karibu na soko la samaki. Dolphine alimwendea akamweleza bila kuzunguka. Mwikwabe alisikiliza huku anapima kamba kwa mkono, kisha akatoka nje wazungumze.

"Mama Adero, mimi sina shida na wewe. Hiyo chola ni yenu, si ya kwetu," alisema, akimwita Dolphine kwa jina la mwanawe. "Lakini hawa watu wa nyavu wakikuona ndani, kesho wananunua kwingine. Dirisha nimekupatia. Mlango uniachie."

Dolphine angeweza kukasirika. Badala yake aliona kwamba huyu angalau amesema ukweli, akalichukua dirisha.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi, alasiri, akakaa nje, chini ya ukingo wa paa la duka la Mwikwabe, laptop juu ya kreti ya soda, na waya wa simu ukiingia dirishani mpaka ukutani. Habari ikaenea haraka. Wauza omena wakaacha vikapu vyao, wapita njia wakawa si wapita njia tena. Austine naye akaja, amevaa suti ya kijivu. Alisema kwa upole kwamba amekuja kuipokea mashine, maana Jumapili anakwenda nayo Kisumu, na kwamba si vizuri nyar Karungu, binti aliyeolewa kutoka Karungu, kujiaibisha barabarani. Dolphine alijitia hamnazo, akaamuru modemu ipige.

Skrini ikaandika kwamba hakuna mlio kwenye laini. Mwikwabe akachomoa waya, akarudisha simu yake, akasikiliza. Mlio ulikuwepo, alisema, uleule wa kila siku. Dolphine akafikiri. Modemu ilizaliwa ughaibuni na ilikuwa inangoja mlio wa kwao. Wa Homa Bay haikuutambua. Kwenye zile nyaraka kulikuwa na amri ya kuiambia iache kungoja ipige tu, akaichapa. Modemu ikapiga, ikatoa sauti zake nyembamba za namba kupitia kispika chake kidogo, kisichotegemea kile kifaa cha sauti. Hakuna aliyejibu. Laini iliendelea kuvuma vilevile, kana kwamba hakuna namba iliyopigwa. Akarudia. Ikavuma. Watu wakaanza kuguna, na Austine akanyoosha mkono taratibu kuelekea kwenye laptop.

"Shemeji, toa mkono," Dolphine alisema, bila kuinua macho.

Akamwomba Mwikwabe apige simu yoyote, kwa simu yake mwenyewe. Mwikwabe alishangaa lakini akarudisha simu, ile nyeusi ya kuzungusha kwa kidole, akampigia ndugu yake Kehancha. Kila alipozungusha, kile kiduara kilirudi kikisema ka-ka-ka-ka, na Dolphine, sikio dirishani, akasikia kitu alichokisikia maisha yake yote bila kukisikiliza. Mitambo ya simu ya mji ule haikujua nyimbo. Ilihesabu kugongwa. Modemu ilikuwa inaimbia mlango ambao hufunguliwa ukibishwa hodi.

Dolphine alibadili herufi moja tu katika amri yake, T ya kuimba ikawa P ya kugonga, wakarudisha waya. Modemu ikaanza kugonga, ka-ka-ka, namba baada ya namba, polepole kama fundi seremala. Watu wakasogea karibu. Kisha upande wa pili ukainua, na ule mlio mbaya mno wa modemu mbili zinazosalimiana ukatoka kwenye kispika, na wauza omena wakarudi nyuma hatua moja. Dolphine hakurudi popote. Aliusikiliza mpaka ukatulia, akatuma takwimu zote za tangu Aprili pamoja na namba ya simu ya duka, akangoja hadi skrini iseme zimepokelewa. Aliwaambia watu waliokuwepo, kwa Dholuo, kwamba samaki wao wamefika Kisumu.

Kuna waliopiga makofi. Austine alisema kuwa kutuma mara moja ni bahati, na kwamba mashine zote za dunia zitakufa mwaka mpya ukiingia, kila mtu anajua. Lakini mkono wake alikuwa ameutia mfukoni.

Mwikwabe alichomoa waya akarudisha simu yake mahali pake. Haikupita muda, ikalia. Aliipokea akiwa ndani, akaitika mara mbili tatu, kisha akageukia dirisha. Alikuwa Onyancha. Alitaka kuongea na aliyetuma. Mwikwabe alinyoosha mkono wa simu kuelekea dirishani, waya wake ukafika katikati ya duka ukakaza. Angeweza kusema atapokea ujumbe. Aliwatazama wanawake wawili waliokuwa wakichagua nyavu, akamtazama Dolphine aliyesimama nje na vumbi kwenye sketi, na kitu kikamchosha.

"Haifiki," alisema. "Ingia, Mama Adero."

Dolphine alikwenda hadi mlangoni. Austine akamwita, mara hii bila upole.

"Nyar Karungu, ukivuka hapo, hakuna nyumba yetu itakayokufungulia."

Akageuka. Alikuwa ameyabeba maneno haya tangu mvua za Aprili na alikuwa amechoka kuyabeba.

"Shemeji, ni ipi iliyonifungulia?"

Jibu lilikuwa limesimama pale barabarani lote, na kila mmoja alikumbuka dirisha lake. Dolphine akavuka kizingiti. Mwanamke mmoja aliangusha wavu akatoka mbio akipita ubavuni mwake. Wa pili alibaki ameshika wavu wake, akasita, kisha akasogea pembeni kumpisha.

Onyancha aliuliza kama ni mwalimu Austine aliyemsaidia, na kama Windows imewekwa. Dolphine alisema hapana, na hapana tena. Onyancha akasema basi, mashine ikae hapo ilipo, na jina la kuandika kwenye takwimu za Homa Bay ni la nani?

"Ni langu. Andika Dolphine," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Na Ijumaa ijayo nitatuma tena, nikiwa hapa ndani."

Mwikwabe alikwenda akalifunga dirisha.