Kidole Gumba cha Fundi

Fundi yule mwanamke hakuwa mtu wa kuomba msaada. Nati ikimgomea, aliibembeleza, "Njoo, mpenzi, njoo," mpaka ikalegea. Mafundi wawili walishamwambia mwalimu mstaafu auze gari lake kuukuu kama chuma chakavu, kwa kuwa mshale wa joto haukubanduka kwenye nyekundu. Na ndilo alilowafundishia binti zake wote kuendesha! Fundi huyu akaiwekea injini kiganja, akacheka. "Mzee, huyu hana homa. Kipimajoto ndicho kinachosema uongo."

Injini ilipopoa kabisa akafungua kipimajoto kibovu kutoka kwenye injini, akaziba tundu lake kwa kidole gumba maji yasimwagike, na papo hapo kile kipya alichokishika mkono wa pili kikamponyoka, kikabingirika chini ya gari. Akakitazama kidole, akamtazama mwalimu. "Baba," akasema kwa sauti ndogo, "nisaidie." Mwalimu, na shati lake jeupe la pasi, akalala chali, akajipenyeza uvunguni, akatoka nacho kama aliyeokota almasi. Kikafungwa, gari likawashwa, mshale ukapanda taratibu ukatulia katikati. Kwa furaha fundi akamkung'uta vumbi mgongoni, "Ahsante, baba, ahsante!" Mwalimu akarudi nyumbani na vidole vitano vya grisi shatini, akipiga mluzi.